Kibra ilitenganishwa lini na Lang'ata?

Mkazi wa Makina: Wenzangu, naomba kufahamishwa. Wazee wa mtaani kwetu husema mbunge wao alikuwa Raila Odinga, ilhali mimi tangu nianze kupiga kura naiona Kibra ina mbunge wake. Mipaka ilibadilishwa lini, na kwa msingi gani?

Msoma Katiba: Wazee wako wamesema kweli, kwani Raila aliwakilisha Lang'ata, ambayo Kibra ilikuwa sehemu yake, tangu uchaguzi wa 1992 hadi 2013. Katiba ya 2010 iliongeza maeneo bunge kutoka 210 hadi 290, Nairobi ikapanda kutoka 8 hadi 17, na mwaka 2012 Kibra ikatengwa ikiwa na wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley. Msingi mkuu, kwa mujibu wa Kifungu cha 89, ni idadi ya watu, ingawa miji inaruhusiwa kupishana na wastani kwa hadi asilimia 40.

Jirani wa Woodley: Naongeza kidogo. Mbunge wa kwanza alikuwa Ken Okoth. Alipofariki Julai 2019, nduguye Imran alishinda uchaguzi mdogo wa Novemba, kisha Peter Orero akachukua kiti mwaka 2022. Wote ni wa chama cha ODM, kwa hiyo, kwa maoni yangu, ramani imebadilika kuliko siasa yenyewe.