Tupeane uzoefu: kompyuta uliyoiunganisha mwenyewe, utajuaje kama itaibeba macOS?

Wakuu, habari zenu. Niko Tanga mjini, Ngamiani, naunganisha kompyuta za watu kwa vifaa vya used vinavyokuja na basi kutoka Kariakoo. Siku hizi wanaoniulizia macOS, mfumo wa kompyuta za Mac za Apple, ni wengi: wapiga video za harusi wanaoitaka Final Cut, programu ya Apple ya kuhariri video, na vijana wanaojifunza kutengeneza programu za iPhone, ambao bila Xcode, programu ya Apple ya kuziundia, hawasogei. Bei ya Mac yenyewe mnaijua. Wote huuliza "itakubali?" na kinachoniuma ni kwamba wengi huuliza hela ikiwa imeshatoka.

Ninachoangalia kwanza ni kadi ya picha. Prosesa nyingi za Intel zina njia, maana Mac zilitumia Intel tangu 2006. Kadi ya picha haibembelezeki. Kama draiva yake, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi, haimo ndani ya macOS, mfumo unaweza kuwaka lakini kila dirisha linajikokota na Final Cut haifunguki kabisa.

Nawasha mashine kwa flashi ya Linux, mfumo wa bure, bila kugusa diski, nafungua terminali, naandika lspci -nn, amri inayoorodhesha vifaa. Kila kifaa kinajitokeza na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Ya kwanza ni kampuni: 10de ni Nvidia, 1002 ni AMD, 8086 ni Intel, 14e4 ni Broadcom. Ya pili ni chipu yenyewe. Boksi na stika havinitoshi, nasoma namba.

Mfano mzuri ni RX 580, kadi ya AMD ambayo macOS inaipokea vizuri sana. Halisi inasoma 1002:67df. Lakini sokoni imejaa nyingine iliyoandikwa RX 580 vilevile, na ukisoma vizuri kuna "2048SP" pembeni. Hiyo inasoma 1002:6fdf, na macOS haiitambui mpaka uende kwenye mipangilio ya OpenCore, programu inayowasha macOS kwenye kompyuta isiyo ya Apple, uitambulishe kama 67df. Inafanya kazi, ila bei isiwe moja na ile halisi. Mkiwa dukani, ombeni muuzaji aiwashe muone namba kabla ya kulipa.

Haya, karibuni. Mwenye yaliyomkuta ayamwage hapa.

Mdau, Chumbageni:
Mkuu umegusa penyewe. Mimi nina GTX 1060, kadi ya Nvidia, nahariri video. Kadi ina nguvu, michezo yote inacheza, nikaamini macOS haitakuwa shida. Kumbe draiva za kadi hizi alikuwa anazitoa Nvidia mwenyewe, zikaishia High Sierra, toleo la macOS la 2017. Mojave ilipotoka 2018 hazikuja tena, na hazijaja mpaka leo. GTX za zamani zaidi za familia ya Kepler zina draiva za Apple na zilifika hadi Big Sur ya 2020, kwa hiyo kuna kadi dhaifu inayokwenda mbali kuliko yangu. Kazi nafanyia Windows, na GTX imebaki humo.

Mdau, Makorora:
Yangu ni mashine ya ofisi iliyotumika, Core i5 ya kizazi cha nne, haina kadi ya kuongeza, inatumia picha za ndani ya prosesa, HD 4600. Inabeba Monterey, toleo la 2021, kwa utulivu kabisa, sauti ipo, inalala na kuamka. Kuanzia Ventura, toleo lililofuata, draiva ya HD 4600 imeondolewa. Kwa kuandika na kusoma inatosha. Kwa wanaotaka kupeleka programu App Store haitoshi: Monterey inaishia Xcode 14.2, na Aprili 2025 Apple walianza kudai Xcode 16 kwenda juu. Kwa hiyo usiulize tu kama itawaka, uliza itafika toleo lipi na kazi yako inadai lipi.

Na jambo dogo: mashine hizi za ofisi mara nyingi kwenye baiosi namna ya kuendesha diski imewekwa RAID. Diski haionekani kabisa wakati wa kusakinisha. Badilisha iwe AHCI.

Mdau, Raskazone:
Sisi wa karibu na bahari tuangalie na kutu. Nililetewa mashine inayogandaganda, mwenyewe anasema macOS imeikataa. Nikachomoa ramu: meno yake ya dhahabu yamefanya ukungu wa kijani pembeni. Nikayasugua taratibu kwa kifutio cha penseli, nikayafuta kwa spiriti, nikaacha Memtest, programu ya kupima ramu, izunguke usiku kucha. Kugandaganda kukaisha. Pima vifaa kwanza kwenye mfumo unaovikubali, ndipo uingie kwenye macOS.

Mdau, Pongwe:
Wi-Fi jamani msiisahau. Kisakinishi kidogo cha OpenCore kinashusha macOS yenyewe kwa intaneti, gigabaiti 12 hivi, na kadi ya Wi-Fi ikigoma umekwama hapo. Kadi za Broadcom zilizokuwa zinapokelewa moja kwa moja zimeachwa tangu Sonoma ya 2023. Za Intel zinatumia itlwm, draiva isiyo ya Apple. Mimi naweka ruta ya laini yenye tundu la waya, na bando naliwasha usiku.

Mdau, Usagara:
Leseni ya macOS inaruhusu kuisakinisha kwenye kompyuta za Apple tu. Kampuni ya Psystar ya Florida iliuza kompyuta za namna hii, ikashtakiwa 2008 na ikashindwa mahakamani 2009. Mkuu wa Ngamiani, wateja wako waambie wazi.

Mwanzisha mada:
Nawaambia, ndugu yangu, na siuzi mashine iliyokwisha wekwa macOS. Nawaambia na hili: Tahoe, toleo la macOS la 2025, ndiyo ya mwisho kwa prosesa za Intel. Anayejenga leo ajue njia inaishia hapo.

Mdau, Muheza:
Shukrani wakuu. Mimi nina Core i5-10400, mazabodi ya B460 na GTX 1650. Nauze kadi?

Mwanzisha mada:
Usiuze bado, shehe. GTX 1650 haijawahi kupata draiva ya macOS, toleo lolote. Ila tazama kifuniko cha prosesa: kama ni 10400 tupu, ndani ina picha za UHD 630, ambazo zinapokelewa vizuri. Kama kuna herufi F mwishoni, haina picha za ndani, na hapo utahitaji Radeon, yaani kadi ya AMD. Ikiwa haina F, chomoa GTX, waya wa skrini uuhamishie kwenye tundu la mazabodi, washa kwa flashi ya Linux, kisha tubandikie hapa majibu ya lspci -nn. Nataka kuona chipu ya waya wa intaneti ni ya Intel au Realtek kabla hujashusha chochote.