Naomba ushauri: meno yanashikwa na ganzi, gamba la juu limelika

Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu, hasa madaktari wa meno kama mmo humu.

Nina miaka 34, naishi Tanga. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa nakunywa maji ya moto yenye ndimu kila asubuhi ili nipunguze mwili, kisha napiga mswaki papo hapo, tena mswaki mgumu na kwa nguvu. Nilidhani ndio usafi. Sasa maji ya baridi yakigusa meno nashtuka hadi kichwani, hata upepo nikiwa kwenye bodaboda unauma. Daktari alinipima, akasema hakuna tundu. Asidi ya ndimu ililainisha gamba la juu na mswaki ukalikwangua. Na gamba hilo likishaisha halioti tena. Iliniuma sana kusikia hivyo.

Ndimu nimeacha. Nimenunua mswaki laini, nikila kitu kichachu nasubiri nusu saa ndipo nipige mswaki, na natumia dawa ya meno ya kuzuia ganzi, yenye nitrati ya potasiamu (chumvi inayotuliza neva za jino). Hii ni wiki ya 3. Kulia pamepungua, kushoto bado kabisa.

Mliotumia dawa ya aina hii, ilichukua wiki ngapi mkapata nafuu? Pia daktari amenipa njia mbili: kupakwa floraidi (madini ya kuimarisha meno), au kuzibwa sehemu zilizolika karibu na fizi. Aliyefanyiwa mojawapo, ilidumu? Kwa sasa fedha yangu inatosha moja tu.