Je, usurealisti unauhifadhi urithi wa Malta unaotoweka, au unaugeuza kuwa pambo?

Msanifu wa Rangi:

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Ninaandaa mhadhara kwa wanafunzi wa sanaa kuhusu namna ambavyo usurealisti, yaani sanaa inayochota nguvu zake katika ndoto na katika kukutanisha vitu visivyokutana, unavyoweza kueleza utambulisho wa watu ambao mazingira yao ya kale yanatoweka machoni pao. Nimeichagua Malta iwe mfano mkuu kwa sababu ni nchi ya kilomita za mraba 316 tu, ambamo mabadiliko hayana pa kujificha. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu 417,432, na ile ya mwaka 2021 ikahesabu 519,562. Ongezeko hilo limefuatana na ujenzi mkubwa wa maghorofa, na nyumba nyingi za mawe ya rangi ya asali, zenye roshani za mbao zilizofunikwa ambazo Wamalta huziita gallarija, zimebomolewa ili kuyapisha.

Katika michoro ya aina hii kuna taswira zinazorudi tena na tena. Mashua ya uvuvi iitwayo luzzu, yenye macho mawili yaliyochorwa kwenye omo, inapita juu ya mapaa ya nyumba. Mwanamke amevaa għonnella, lile vazi jeusi pana lenye kofia iliyotanda kama tanga kichwani, lakini ndani ya kofia hamna uso. Roshani inaning'inia angani bila ukuta wa kuibeba. Taswira hizi zinanivutia sana, na hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia, kwa kuwa ninaziona pia zikifaa mno kuuzwa kwa watalii. Mchoraji anapokiondoa kitu mahali pake na kukipachika ndotoni, je, anatufanya tutambue kwamba kinapotea, au anatuzoesha kukikosa?

Mtunza Makumbusho:

Ndugu Msanifu, naomba nianze na jambo ambalo husahauliwa: Malta haikuhitaji mchoraji ili iwe mahali pa ajabu. Tarehe 9 Aprili 1942, wakati wa mashambulizi ya anga ya Vita Kuu ya Pili, bomu lilitoboa kuba la kanisa la Mosta huku waumini wakiwa ndani, likaanguka sakafuni na halikulipuka. Siku mbili kabla ya hapo mabomu yalikuwa yameliangusha jumba la opera la Valletta, mji mkuu, lililofunguliwa mwaka 1866. Magofu ya jumba hilo yalikaa wazi kwa miongo mingi, mpaka mwaka 2013 ulipofunguliwa ndani yake ukumbi usio na paa, uliosanifiwa na msanifu majengo Mwitaliano Renzo Piano, huku mabaki ya nguzo yakiachwa yasimame palepale. Leo mtu anakata tiketi na kuketi kusikiliza muziki ndani ya jumba ambalo halipo. Hakuna mchoro wa ndoto utakaoupita ukweli huo kwa ugeni, na mchoraji anayeongeza mabawa na mawingu juu yake anaupunguza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usurealisti unaufaa urithi huu pale tu unapokuwa sahihi. Tuchukue Tieqa Żerqa, tao la mwamba lililokuwa Dwejra katika kisiwa cha Gozo, ambalo liliporomoka baharini wakati wa dhoruba tarehe 8 Machi 2017. Picha ya tao hilo likielea mawinguni ni pambo. Lakini picha inayouonyesha ule uwazi ukiwa bado umesimama juu ya maji, huku mwamba uliouzunguka haupo, inasema kweli kuhusu namna watu wanavyoendelea kukitazama kitu kilichokwisha kwenda.

Kipimo ninachokitumia ni kuuliza kitu kilikuwa na kazi gani. Gallarija haikuwa urembo wa ukuta. Ilimwezesha mtu aliye ndani kuitazama njia bila yeye kuonekana sana, na kutoka juu kikapu kiliteremshwa kwa kamba ili mchuuzi aweke mkate. Mchoraji anayeijua kazi hiyo hataridhika kuining'iniza roshani hewani, bali atauliza kamba inafika wapi ikiwa nyumba imebomolewa na mchuuzi haji tena. Roshani inayoelea na kamba yake haigusi chini ina maana ambayo roshani inayoelea peke yake haiwezi kuwa nayo.

Bahari Tulivu:

Mtunza Makumbusho amesema vema kuhusu kazi ya kitu, lakini naona sisi sote tunakubali haraka mno kwamba kila kilichotajwa kimetoweka. Għonnella ndiyo iliyotoweka kweli, kwani kufikia katikati ya karne ya 20 wanawake wengi walikuwa wameshaiacha. Luzzu haijafikia hapo. Ziko katika bandari ya wavuvi ya Marsaxlokk hadi leo, zimepakwa rangi za buluu, manjano, nyekundu na kijani, na macho yake bado yanatazama bahari. Ni kweli kwamba zimepungua, na kwamba mipango ya kupunguza vyombo vya uvuvi katika Umoja wa Ulaya, ambao Malta ilijiunga nao tarehe 1 Mei 2004, iliwapa baadhi ya wavuvi fidia ili waachane na vyombo vyao. Hiyo inanionyesha mashua iliyo katikati ya mabishano ya riziki, na wenyewe wangali hai. Mchoraji anayeichora kama mzuka anaizika kabla haijafa, na anamzika pamoja nayo mvuvi ambaye angependa kuulizwa maoni yake. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu maombolezo ni rahisi kuyapenda, nayo humwondolea mtazamaji wajibu wa kufanya lolote.

Jambo la pili ni huo utambulisho wenyewe. Lugha ya Kimalta ni ya Kisemiti, imetokana na Kiarabu kilichozungumzwa Sicilia, inaandikwa kwa herufi za Kilatini na imejaa maneno ya Kisicilia na Kiitaliano, na wasemaji wake wengi wamelelewa katika Ukatoliki. Mashujaa wa Mtakatifu Yohana, shirika la Kikatoliki la kidini na la kijeshi, walivitawala visiwa hivyo kuanzia mwaka 1530 hadi 1798, na baada ya Wafaransa kupita kwa muda mfupi wakaja Waingereza. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Septemba 1964, na majeshi ya Uingereza yakaondoka tarehe 31 Machi 1979. Mchoraji anayemtafuta Mmalta asilia aliyefichwa chini ya tabaka hizo atachimba bila kumpata, kwa kuwa Mmalta amefanyika kwa tabaka hizohizo. Hata macho ya luzzu, ambayo kila mtu huyachukua kuwa alama ya Umalta, huhusishwa na Wafoinike na hata na miungu ya Misri ya kale.

Katika maonyesho ya sanaa ya Venice ya mwaka 2017, banda la Malta, lililosimamiwa na Raphael Vella na Bettina Hutschek, lilitumia jina *Homo Melitensis* na kuchanganya kazi za wasanii na vitu vya kumbukumbu katika orodha ambayo kwa jina lake ilijitangaza kuwa haijakamilika. Ningependa wanafunzi wako waanzie hapo, kwa sababu orodha inayokiri mapengo yake inamwacha mtazamaji aulize nani hajahesabiwa, wakiwemo hao maelfu waliohamia kati ya sensa hizo mbili ulizozitaja.

Kalamu ya Mkaa:

Naongeza mfano mmoja kutoka nje ya Malta, kwa kuwa swali la pambo na watalii lilikwisha kuulizwa zamani ndani ya usurealisti wenyewe. Mchoraji Mkuba Wifredo Lam aliporudi Kuba mwaka 1941, baada ya miaka mingi Ulaya ambako alikuwa karibu na wasurealisti, aliumizwa kuona utamaduni wa Wakuba wenye asili ya Afrika ukigeuzwa maonyesho ya kuwafurahisha wageni. Mwaka 1943 alichora *La Jungla*, ambamo miili ya watu, nyuso za vinyago na mabua ya miwa vimeshikana hata huwezi kuvitenganisha. Miwa imo kwa sababu ndiyo iliyowaleta mababu utumwani. Mchoro ule haumpendezi mtalii, unamkabili. Hicho ndicho ninachokikosa katika roshani nyingi zinazoelea.

Kuhusu Malta, kuna jambo linalovuruga kisa chetu cha ujenzi unaobomoa. Hypogeum ya Ħal Saflieni, yale makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa miaka ya kabla ya historia huko Paola, iligunduliwa mwaka 1902 na wafanyakazi waliokuwa wakichimba tangi la maji kwa ajili ya nyumba mpya. Humo kilipatikana kile kinyago kidogo cha udongo cha mwanamke aliyelala, chenye urefu wa sentimita 12 hivi, ambacho sasa kiko katika jumba la makumbusho ya akiolojia mjini Valletta. Ujenzi uleule unaouficha urithi ndio ulioufichua. Mwanafunzi anayemchora mwanamke huyo akiwa mkubwa kama kilima, na maghorofa yakijengwa ubavuni mwake, aamue kwanza kama nyumba zile zinamfunika au zinamwamsha.

Msanifu wa Rangi:

Nawashukuru nyote, nanyi mmebadilisha mpango wangu. Nitaanza na Lam, nitaitenga għonnella na luzzu ili wanafunzi wasivichore vyote viwili kwa maombolezo yaleyale, na zoezi la mwisho litakuwa ile kamba ya kikapu. Ndugu Bahari Tulivu, limebaki jambo moja ambalo sijui nilishike vipi: urithi wa sauti. Nyimbo za għana, yaani nyimbo za jadi za Wamalta, ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2021, na zimo katika mhadhara wangu, lakini kila nikiwaza mchoro wake naishia kwenye gitaa linaloyeyuka.

Bahari Tulivu:

Liache gitaa. Anza na spirtu pront, ile aina ya għana ambayo waimbaji hushindana kwa kutunga papo hapo, mmoja akiimba beti yake na mwenzake akimjibu kwa hoja na kwa vina, huku magita yakijaza nafasi kati yao. Aina hii haiwezi kuimbwa na mtu mmoja, hata awe na sauti nzuri namna gani, kwa hiyo kinachohatarika ndani yake ni uwezo wa kujibiwa. Wape wanafunzi wako kazi ya kumchora mpinzani na mambo anayohitaji kuwa nayo ili aweze kujibu: lugha anayoimudu, mahali pa kukutania, na wasikilizaji wanaoelewa mzaha uliofichwa. Kabla ya kushika brashi wasikilize mashindano mazima, tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama hawaelewi maneno, kwa sababu subira ile baina ya beti moja na nyingine haipatikani katika vipande vifupi vilivyokatwa.