Mafunzo ya ndani kwa wanasheria wa halmashauri Mwanza: tuyapangeje?

Mzee wa Dokezo
Wakuu, heshima kwenu. Kitengo chetu cha Huduma za Sheria kina wanasheria watatu. Fungu la mafunzo linatosha kumpeleka mmoja Dodoma au Arusha kwa mwaka, wawili wanaobaki wanaambulia kabrasha. Naandaa dokezo kwa Mkurugenzi: tufanye mafunzo ya ndani pamoja na wenzetu wa Ilemela, Magu, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Tufundishane nini ili isigeuke semina ya chai na sambusa?

Wakili wa Busisi
Mkuu, usianze na mada, anza na mafaili. Toa kesi zilizofungwa miaka miwili iliyopita, kila faili liandikie mstari mmoja tu: tulikwama wapi. Utakuta makosa yanajirudia, na mengi ni ya tarehe.

Chukua maelezo ya utetezi, yaani majibu ya maandishi ya mdaiwa. Siku 21 zinahesabiwa tangu wito wa mahakama upokelewe, si tangu umfikie mwanasheria. Karatasi inagongwa muhuri masjala, inapanda kwa Mkurugenzi, inashuka na maneno "Mwanasheria, shughulikia", nusu ya muda imeshaliwa. Zikipita, kuna siku 7 za kuomba nyongeza, tena kwa sababu ya msingi; "bosi alikuwa safarini" haimshawishi jaji. Kwa hiyo kipindi hicho mwite na karani wa masjala. Yeye ndiye anayehitaji kujua kwamba bahasha ya mahakama haisubiri foleni.

Mada ya pili ni notisi ya siku 90. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 (Sheria Na. 1), halmashauri nayo ni "Serikali" kwa maana ya Sheria ya Mashauri ya Serikali, Sura ya 5: mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kushtaki, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Wengi wetu tunaitazama notisi kama silaha ya pingamizi la awali, yaani hoja ya kuliondoa shauri kabla halijasikilizwa. Sawa, unashinda, shauri linaondolewa, mdai anajipanga upya na kurudi akiwa na nguvu zaidi. Siku 90 ni za kukusanya mkataba, vocha na mihtasari ya vikao kabla mhandisi husika hajahamishwa, na kuamua kama deni ni la kweli lilipwe tu.

Zoezi: gawa notisi moja ya zamani, toa saa moja, kila mtu aandike taarifa ya kurasa mbili kwa Wakili Mkuu wa Serikali: ukweli wa shauri, nyaraka zilizopo, zinazokosekana, kiasi kinachodaiwa, ushauri. Kisha zisomwe kwa sauti. Hapo ndipo watu wanapojifunza, kuliko slaidi arobaini.

Nansio Legal
Ongeza rufaa. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30 tangu uamuzi, na rufaa yenyewe siku 60 tangu notisi iwekwe. Mtego uko kwenye barua ya kuomba nakala za mwenendo wa kesi: iandikwe ndani ya siku 30 za uamuzi, na mjibu rufaa apewe nakala. Asipopewa, muda uliotumika kuandaa nakala haukatwi kwenye zile siku 60, hata uwe na cheti cha Msajili kinachouthibitisha. Fundisheni kitu kidogo: nakala iliyosainiwa na mpokeaji irudi kwenye faili siku hiyo hiyo.

Jingine, Toleo la Urekebu la mwaka 2023 (sheria zote za nchi zilizochapwa upya pamoja na marekebisho yake) limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kabrasha la kabla ya hapo lisirudufiwe kabla mtu hajapitia namba za vifungu. Hukumu zipo bure kwenye tovuti ya TanzLII, hakuna kisingizio.

Robo Mwaka
Mara moja kila robo, nusu siku, Ijumaa. Siku nzima hamtaipata, na epukeni wiki ya Baraza la Madiwani. Ukumbi tumieni wa halmashauri, mpokezane. Wa Sengerema hawana tatizo tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, ila wa Ukerewe wanategemea meli, basi awamu moja ifanyikie Nansio na wengine mvuke.

Fedha: ingiza shughuli hii kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti wa halmashauri, wakati bajeti inaandaliwa. Ukikumbuka mwezi Mei, utajibiwa "haikutengewa". Na mafaili yawe yaliyofungwa tu. Kesi inayoendelea usiiweke kwenye kundi la WhatsApp la halmashauri sita.

Mzee wa Dokezo
Nimewapata. Na upekuzi wa mikataba, yaani kuipitia kisheria kabla haijasainiwa?

Wakili wa Busisi
Kipindi chake peke yake. Toa mkataba mmoja wa ujenzi, watafute vitu vitatu: dhamana ya utendaji (ya kumlinda mwajiri mkandarasi akishindwa kazi) inayokwisha kabla ya kazi kukamilika, masharti maalumu yanayopingana na ya jumla, na kiasi cha fedha kilichoandikwa kwa tarakimu kisichofanana na cha maneno. Mwanafunzi asiyeona cha kwanza asisaini upekuzi peke yake.