Naombeni ushauri: mchezo wa nyimbo za zamani unamliza baba. Niendelee kumwekea au niache?

Binti Kiwira

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Naandika nikiwa Tukuyu, nyumbani kwa baba. Mzee ana miaka 74. Macho yamekwenda kwa presha ya macho, na sikio la kushoto ni zito. Mama alifariki 2019. Tangu hapo baba amekuwa mtu wa maneno machache. Unamsalimia, anaitikia, kisha anarudi kwenye ukimya wake pale barazani, anasikiliza mvua.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliyeko Dar alinitumia mchezo wa kusikiliza, kama ile michezo ya redio, ila huu karibu wote unaimbwa. Ni wa saa mbili kasoro. Dereva wa lori anaegesha kando ya barabara usiku wa baridi, analala, anaanza kuota. Ndotoni anaingia kwenye ukumbi wa dansi. Akitokea mlango wa nyuma anajikuta ukumbi mwingine, mji mwingine, mwaka mwingine. Kila ukumbi una bendi yake na wimbo wake, zilipendwa tunazozijua wote, zimepigwa upya na vijana lakini magitaa yamekaa vilevile. Watu anaowakuta humo wengi ni marehemu, naye hajui kama anaota.

Nilimwekea baba jioni moja. Wimbo wa kwanza alinyamaza. Wa pili, kidole kikaanza kugonga mkono wa kiti. Wa tatu akaimba. Aliimba ubeti mzima, na wale wa kwenye mchezo walipokatisha, yeye akaendelea. Wakuu, nina miaka 38 na sikuwahi kumsikia baba akiimba nje ya kanisa. Halafu akaanza kunisimulia Iringa ya miaka ya 1980, alipokuwa fundi cherehani karibu na soko kuu, jinsi alivyomshonea mama gauni kabla hajalijua jina lake, akaja kumwona amelivaa dansini siku Tancut Almasi wanapiga. Hadithi hiyo hakuna mtoto hata mmoja kati yetu aliyekuwa anaijua.

Tatizo liko nusu ya pili. Kuna sauti ya mwanamke yenye mwangwi inamwita yule dereva: amka, kumekucha. Baba aliitika, "Naam, naja." Kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Usiku akamwota mama. Asubuhi akaniambia, "Mama yako kaniita." Tumeusikiliza mara tatu na mara zote imekuwa hivyo.

Shangazi amekuja juu. Anasema marehemu akikuita ndotoni huitiki, na kwamba mimi ndiye ninayemfungulia mlango. Anataka niufute. Nashindwa kufuta kitu kilichomrudishia baba sauti yake, na wakati huohuo naogopa nisije nikamdhuru kwa mkono wangu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Chai ya Rungwe

Pole sana dada. Mimi niko na shangazi. Babu yetu alipoanza kusema bibi anamwita, haikupita miezi miwili tukamzika. Sisemi ndoto ndiyo iliyomchukua, lakini mzee akifikia hapo tunakaa naye kwa heshima, hatumwongezei. Mwekee kwaya, zinatuliza.

Makete Baridi

Kwa nini usiruke hapo kwenye sauti ya mwanamke? Sogeza mbele dakika mbili, yaishe.

Binti Kiwira

Nilijaribu mara ya tatu. Nilisogeza, akaniuliza, "Mbona umemruka?" Nikaona aibu, nikarudisha.

Fundi Mwanjelwa

Dada, kabla hatujafika kwa marehemu tuanze na spika. Mimi natengeneza redio hapa Mwanjelwa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Unamwekea kwa spika au kwa vile vya kuvaa masikioni?

Binti Kiwira

Vya masikioni kaka. Nyumba yetu haina dari, mvua ya Tukuyu ikipiga kwenye bati husikii hata mtu aliye mbele yako. Kimoja navaa mimi, kimoja anavaa baba sikio la kulia.

Fundi Mwanjelwa

Basi nadhani nimeelewa. Nyimbo halisi za zamani, zile zilizorekodiwa Radio Tanzania, zilikuwa mono: sauti yote inapita njia moja, kwa hiyo hata mwenye sikio moja anapata kila kitu. Michezo ya siku hizi ni stirio. Mtengenezaji anamweka mtu huyu kushoto, yule kulia, ili usikie kama uko ukumbini. Fanya jaribio. Sikiliza pale mwanamke anapoita kwa upande wa kulia peke yake, kisha kushoto peke yake, uniambie.

Binti Kiwira

Nimefanya sasa hivi na mwili umesisimka. Mwanamke yuko kushoto kabisa, yuko wazi, unasikia hadi pumzi yake. Kulia maneno yako mbali, kinachosikika zaidi ni ule mwangwi.

Fundi Mwanjelwa

Ndicho alichokuwa anakisikia mzee muda wote: mwangwi usio na mtu. Hata mimi ningeitika.

Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya ufikivu, kisha sauti, washa mono. Pande zote mbili zitachanganywa ziwe moja. Mvua ikikatika mtolee hivyo vya masikioni, tumia spika, iweke juu ya meza ya mbao upande wa sikio lake zima, mbali na kona. Kwenye kona besi inavuma na kumeza maneno. Na mwambie mdogo wako akutumie faili kama lilivyo, asilirekodi upya kama ujumbe wa sauti, gitaa la juu linapotea.

Sista wa Zamu

Mimi ni muuguzi, niko Uyole. Nisome taratibu dada yangu.

Kulia siyo ugonjwa. Mtu aliyenyamaza tangu 2019 akilia mbele ya mwanawe, mimi sioni dhara hapo. Nitakachokuuliza ni haya: baada ya kulia, anakula? Anajua ni asubuhi au jioni? Anakujua wewe ni nani? Mchana bado anamsikia mama akimwita, au ni usingizini tu? Kama anaamini mama yuko chumba cha pili, au anachanganya usiku na mchana, mpeleke hospitali akaonwe, na uwaambie pia dawa zote anazotumia. Matone ya macho yasiachwe hata kama haoni, maana presha ya macho ikiachwa inaweza kuleta maumivu makali.

Kuhusu ndoto: unamwekea jioni, halafu analala. Kilichokaa kichwani jioni huingia ndotoni kwa urahisi, na ndoto nyingi ndefu huja karibu na alfajiri, ndiyo maana anaamka nazo. Hamishia saa nne asubuhi, akishapata chai yake. Msimalize saa mbili zote kwa mkupuo, nusu saa inamtosha, mkomee mwisho wa wimbo.

Na jambo moja ambalo huenda shangazi hajaliwaza. Mtu aliyepoteza macho ukubwani, ndotoni mara nyingi bado anaona. Baba yako akimwota mama, anamwona. Huenda ni mahali pekee anapoona siku hizi. Mimi nisingeharakisha kumfungia.

Chai ya Rungwe

Sista, hilo la mwisho limenigusa. Babu naye alikuwa haoni. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anaona nini.

Mzee wa Kihesa

Kamwene binti. Nimesoma jina la Tancut Almasi nikaweka miwani vizuri. Ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi hapa Iringa, na wale mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, walipoimba pamoja ulikuwa hutofautishi nani ni nani. Mji huu una baridi ya kung'ata, lakini ukumbini watu walivua makoti.

Nina mambo mawili. La kwanza, nyimbo za dansi la kwetu zilikuwa na nusu mbili. Mwanzoni ni hadithi, polepole, mtu analalamikia mapenzi au dunia. Halafu magitaa yanabadilika, inaingia chemko, hapo mnacheza mpaka jasho. Hebu chunguza huo mchezo, huyo dereva anatoka ukumbini kabla ya chemko?

Binti Kiwira

Shikamoo mzee. Ndiyo, karibu kila wimbo. Ubeti ukiisha anafungua mlango. Ndiyo maana baba anaendelea kuimba wao wakishanyamaza!

Mzee wa Kihesa

Marahaba. Basi wanampa majonzi na kumnyima kuyacheza. Kila wimbo ukikatwa, simamisha mchezo, mtafutie ule wenyewe wa zamani, mzima, mpaka chemko iishe. Nyingi zipo mtandaoni. Zamani bendi zilifunga safari hadi Dar kurekodi redioni, santuri zikatengenezwa Nairobi, sisi wengine hatukuwa na gramafoni, tulisubiri redio iupige. Leo upo kwenye simu yako. Mpe mzee wote.

La pili. Nimesoma uzi mzima: shangazi kasema, fundi kasema, muuguzi kasema. Mzee mwenyewe umemuuliza?

Binti Kiwira

Hapana mzee. Sijamuuliza.

Binti Kiwira

MREJESHO. Wakuu, ni siku tisa zimepita, samahanini kwa ukimya.

Nimewasha mono. Tumehamia saa nne asubuhi, spika iko kwenye meza ya mninga aliyoitumia kukatia nguo. Anakula vizuri, anajua siku na saa, na ile kuitwa haitokei mchana hata mara moja. Nyimbo tunazisikiliza nzima. Jana kwenye chemko alisimama, akanishika bega, tukacheza pale sebuleni. Shangazi alikuwa mlangoni na hakusema kitu.

Na nilimuuliza. Nilisimamisha mchezo kabla ya yule mwanamke, nikamwambia, "Baba, anakuja yule anayeita. Nimwache au nimtoe?" Akakaa kimya muda mrefu. Akasema mama alikuwa anamwamsha kwa maneno hayohayo, amka kumekucha, asubuhi zile alizokuwa amekesha akimaliza nguo za sikukuu. Sikuwa najua. Akasema haogopi kuitwa. Anacholilia ni kwamba yule siye. Kila akimsikia anajaribu kuikumbuka sauti ya mama yenyewe, na kila siku anaipata kidogo kuliko jana. "Sura yake ninayo," akasema, "sauti inaniponyoka."

Nilishindwa kuendelea siku ile.

Sista wa Zamu

Nimesoma nikiwa zamu, nimetoka nje kidogo. Ndaga fijo kwa kutuletea.

Mzee wa Kihesa

Binti, mama hakuwa mwanakwaya? Hakuna kaseti ya harusi, ya ubatizo, salamu aliyomtumia mtu? Miaka ile watu walikuwa wanarekodi.

Binti Kiwira

Mzee, Mungu akubariki. Nimepekua leo mchana kutwa. Kwenye droo ya cherehani ya baba, chini ya bobini, kuna kaseti moja imeandikwa kwa mwandiko wa mama: "Pasaka, Kihesa." Mwaka umefutika. Mkanda wake umelegea na kuna kitu cheupe kama unga. Jirani ana redio ya kaseti, amesema niipeleke usiku huu tuisikilize.

Fundi Mwanjelwa

USIIPIGE. Huo unga ni kuvu, ni unyevu wa huko kwenu. Ukiitia kwenye redio ambayo haijasafishwa itatafuna mkanda, na hiyo ndiyo nakala pekee. Usiukaze kwa kalamu, usiuanike juani. Ifunge kwenye karatasi kavu, iweke ndani ya kikopo, mbali na jiko na mbali na spika, maana spika ina sumaku. Nitaufungua, niusafishe taratibu, niuhamishe kwenye ganda jipya, halafu nikurekodie kwenye simu mara ya kwanza inapopita. Njoo nayo Jumamosi asubuhi. Kama mzee anaweza safari, njoo naye.

Binti Kiwira

Nimemwambia. Ameuliza Jumamosi ni keshokutwa au mtondo.