Je, galaksi ya duaradufu huota mikono inapozeeka?

Mwalimu wa sekondari, Makete
Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha jiografia kidato cha kwanza. Juzi mvua ilipokatika niliwatoa wanafunzi wa bweni nje, nikawaonesha Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani na yetu, upande wa kusini, na kesho yake nikawachorea ubaoni mpangilio wa mwanaastronomia Edwin Hubble wenye umbo la panda ya manati: galaksi (makundi makubwa mno ya nyota) za duaradufu kwenye mpini, na zenye mikono ya nyota iliyojipinda kwenye matawi mawili. Binti mmoja akauliza kama galaksi huanza zikiwa duara, kisha zikaota mikono kadiri zinavyozeeka. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha.

Mdau, Iringa
Mwalimu, binti ameuliza jambo zito. Hubble alipotoa mpangilio wake mwaka 1926 aliziita galaksi za upande wa mpini "za awali" na za upande wa pili "za baadaye", na wengi wakadhani anataja umri, ilhali alikuwa akipanga sura. Galaksi za duaradufu zimejaa nyota kongwe zenye wekundu na zina gesi kidogo ya kuzaa nyota mpya, wakati mikono ya zile nyingine hung'aa kwa ubuluu wa nyota changa. Tena galaksi mbili kubwa za mikono zikigongana na kuungana, mara nyingi mikono huvurugika ikabaki duaradufu, yaani kinyume kabisa cha alivyodhani binti.

Mdau, Tukuyu
Naongeza zoezi la darasani. Galaksi za duaradufu hupewa herufi E ikifuatwa na tarakimu, 0 hadi 7, inayoonesha ulivyo ubapa wake. Pima picha kwa rula: ikiwa urefu ni sentimita 10 na upana 7, toa upana kwenye urefu, gawanya kwa urefu, zidisha kwa 10, unapata E3. Lakini yai la kuku ukilitazama kwa ncha utaona duara tupu, na galaksi hatuwezi kuizunguka tukaiona ubavuni; kwa hiyo tarakimu hiyo ni ya sura tunayoiona tu.

Mwalimu wa sekondari, Makete
Nawashukuru sana. Mbona basi vitabu vingine husema Mawingu ya Magellan hayana umbo maalumu, na vingine huyahesabu pamoja na galaksi za mikono?

Mdau, Iringa
Hubble aliyaacha nje ya panda. Hata hivyo Wingu Kubwa, lililo umbali wa miaka ya nuru takriban 160,000, lina mhimili, yaani ukanda ulionyooka wa nyota, na mkono mmoja hafifu, ndiyo maana mwanaastronomia Gérard de Vaucouleurs, alipopanua mpangilio huo mwaka 1959, aliliweka mwishoni mwa galaksi za mikono kwa herufi m, ya Magellan. Usiku usio na mbalamwezi, waelekeze wanafunzi wautafute mhimili huo: ni mstari mpana unaong'aa kuliko wingu lenyewe, na darubini ndogo ya macho mawili inatosha kuuonesha.