Mrejesho: slaidi za korosho nzito, projekta yenye mikanda myeusi

Wakuu, asanteni sana. Kwa wanaofika leo: niliuliza kuhusu slaidi za mafunzo ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu mweupe) wa korosho hapa Masasi. Faili la PowerPoint lilifika MB 140, kompyuta ikawa inakwama, na projekta ya zamani ilionyesha mikanda myeusi juu na chini.

Uzito umekwisha. Chanzo kweli ni picha za simu. Kuzivuta kona zionekane ndogo hakupunguzi faili hata chembe. Bofya picha, Picture Format, Compress Pictures, ondoa tiki ya "Apply only to this picture", chagua 150 ppi. Tiki ikibaki inabanwa picha moja tu, na mwanzoni ndivyo nilivyokosea. Sasa ni MB 11. Tunza nakala ya awali pembeni, ubora ukishapunguzwa na faili kuhifadhiwa haurudi.

Mikanda nayo imetoka: Design, Slide Size, 4:3 (umbo la projekta hiyo ya zamani), kisha Ensure Fit. Ila vitu vilisinyaa, slaidi 9 kati ya 22 zikapangwa upya kwa mkono. Anayeanza achague ukubwa kabla ya slaidi ya kwanza, jamani.

Video ya kupuliza salfa ndiyo iligoma ukumbini. Ilikuwa imeunganishwa tu na faili lililobaki kwenye kompyuta nyingine. Nimeiingiza upya kwa Insert badala ya Link to File, ikiwa MP4. Kwangu inacheza, kwenye laptop ya ukumbini bado sijaijaribu.